Kabla ya Kununua Mbegu za Matango, Hesabu Saa za Jua

Bustani za nyumbani ni miongoni mwa miradi ambayo vikundi vya akina mama na vijana katika sharika zetu huiomba mara kwa mara. Sababu inaeleweka. Eneo linalohitajika ni dogo, mtaji si mkubwa, na mavuno huonekana mapema. Tango ni mfano mzuri: tangu kupanda mbegu hadi kuchuma tango la kwanza ni takribani siku 45 hadi 60, kutegemea aina ya mbegu na joto la mahali. Kaya hupata kachumbari, na ziada huuzwa sokoni.

Pamoja na hayo, bustani nyingi za matango hustawi majani na kukosa matunda. Katika makala hii tunaeleza mambo mawili ya kupima kabla fedha yoyote haijatumika, yaani jua na udongo. Tunaanza na kosa letu wenyewe.

Tulivyokosea

Kikundi kimoja cha akina mama katika usharika ulio kwenye miteremko ya Kilimanjaro kilipanda matango ndani ya kihamba, chini ya migomba. Walipachagua hapo kwa sababu ni karibu na nyumba, udongo ni mweusi na laini, na mfereji unapita jirani. Mitango iliota vizuri, ikarefuka, ikapanda juu ya vijiti. Lakini maua yalikuwa machache, na vitango vichanga viligeuka njano na kudondoka.

Tulipoitwa, tulidhani udongo umechoka. Tukashauri waongeze samadi, nao wakaibeba kwa vichwa kutoka zizini. Matokeo yake majani yakawa mapana zaidi, na matunda yakabaki vilevile. Samadi nyingi huongeza naitrojeni, na naitrojeni hukuza majani. Haiwezi kushika nafasi ya jua. Tulipokaa shambani siku nzima na kuhesabu, tuliona kwamba tuta lile lilipata jua la moja kwa moja kwa saa tatu tu. Msimu uliofuata walihamia kwenye ukingo wa kihamba, kando ya njia, ambapo hakuna mgomba. Hapo walichuma. Msimu mmoja wa kazi yao ulikuwa umepotea, na ushauri wetu ulichangia hasara hiyo.

Jua: saa sita au zaidi

Mtango ni mmea wa jua na joto. Unahitaji jua la moja kwa moja kwa muda usiopungua saa sita kwa siku, na saa nane ni bora zaidi. Kivulini mmea hurefuka ukitafuta mwanga, shina huwa jembamba, na nguvu ya kulea matunda hupungua. Majani nayo hukawia kukauka baada ya mvua au umande, hali inayokaribisha magonjwa ya ukungu. Zaidi ya hayo, aina nyingi za matango zinazopandwa nyumbani hutegemea nyuki wahamishe chavua kutoka ua dume hadi ua jike, na nyuki huzitembelea zaidi sehemu zenye jua.

Kupima ni rahisi. Simika kijiti mahali unapotaka kupanda. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, mtu mmoja wa nyumbani, hata mtoto wa shule siku ya likizo, aangalie kila baada ya saa moja na kuandika: jua au kivuli. Chagua siku isiyo na mawingu. Mwishoni hesabu saa zilizoandikwa jua.

Upimaji ufanyike katika msimu uleule wa kupanda, kwa sababu njia ya jua hubadilika. Kwetu Tanzania ya kaskazini, mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na mwezi Desemba huwa upande wa kusini. Ukuta wenye urefu wa mita 3, kwa mfano, mwezi Juni saa 6 mchana hutupa kivuli cha karibu mita moja na nusu upande wake wa kusini. Mwezi Desemba upande huo huo huwa na jua, na kivuli huhamia kaskazini.

Hatusemi migomba ikatwe. Migomba ni chakula, na kivuli chake hutunza unyevu wa kihamba. Sehemu yenye kivuli iachiwe magimbi, ambayo wazee wetu wameyapanda chini ya migomba miaka yote. Matango yatafutiwe ukingo, uwanja, au kando ya njia. Kwa kuwa mtango hupanda, mita chache za mraba zenye vijiti imara na kamba zinatosha kaya moja.

Udongo: upitishe maji, uwe na rutuba

Udongo unaofaa ni tifutifu, wenye mboji nyingi na usiotuamisha maji. Chukua udongo kiganjani, ulowanishe, kisha uviringishe kama unatengeneza kamba. Ukikatikakatika na kushindwa kushikana, ni kichanga. Ukitoa kamba ndefu inayopindika kuwa pete bila kupasuka, ni mfinyanzi. Ukishikana lakini ukapasuka unapoupinda, ni tifutifu.

Kisha pima upitishaji wa maji. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, halafu jaza tena. Baada ya saa moja maji yawe yameshuka sentimita 2 na nusu au zaidi. Yasiposhuka hivyo, inua matuta kwa sentimita 20 hadi 30, la sivyo mizizi itaoza wakati wa masika. Kwenye udongo wa kichanga tatizo ni kinyume chake: maji hupotea upesi, hivyo ongeza mboji na tandaza majani makavu.

Samadi iwe imeoza vizuri. Debe moja la lita 20 kwa kila mita 2 za mraba linatosha kuanzia. Samadi mbichi huunguza mizizi. Uchachu wa udongo unaofaa ni pH kati ya 6.0 na 6.8. Majivu ya jikoni hupunguza uchachu, lakini yasimwagwe kwa wingi bila udongo kupimwa. Wala matango yasipandwe mahali palipotoka maboga, matikiti au matango mengine, kwani mazao haya huambukizana magonjwa. Subiri miaka miwili au mitatu.

Joto la udongo nalo ni muhimu. Mbegu huota vizuri kwenye nyuzi joto 25 hadi 30 za Selsiasi, na chini ya nyuzi 15 huchelewa au kuoza. Kwa hiyo wenzetu wa ukanda wa juu waepuke kupanda miezi ya baridi ya Juni na Julai.

Asiye na udongo mzuri anaweza kutumia ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, mche mmoja kwa kila ndoo, na kuiweka penye jua.

Maji

Mizizi mingi ya mtango iko juu juu, ndani ya sentimita 30 za kwanza. Kadiria lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, zigawanywe mara tatu au zaidi, na ziongezwe kwenye maeneo ya joto ya tambarare. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, bila kulowesha majani. Mmea ukipata kiu mara kwa mara matango huweza kuwa machungu, na machungu hayauziki.

Kwa kamati na wafadhili

Tunaziomba kamati za sharika, kabla ya kupitisha maombi ya mbegu, zidai karatasi moja yenye mambo matatu: saa za jua zilizohesabiwa, matokeo ya shimo la maji, na mahali maji ya kumwagilia yatakapotoka kiangazi. Kazi hii huchukua siku moja, na haigharimu shilingi hata moja.

Kwa wafadhili wetu, tunashukuru kwa maswali mnayotuuliza kuhusu mavuno. Idadi ya pakiti za mbegu zilizogawiwa haionyeshi kama kaya zimekula. Mkitembelea bustani, ombeni kuonyeshwa karatasi hiyo, kisha simameni kwenye tuta lenyewe saa 4 asubuhi na tena saa 9 alasiri, mwone kama lina jua.