Steringi Akipumzika

Ukiingia kwa kijana wa kurusha muvi Mtwara mjini na kuomba Naruto, katuni ya Kijapani, usishangae akikuuliza: "Kaka, nikuwekee zote au nitoe za kujazia?" Wengi hujibu atoe, flashi isijae. Mimi nasema abakize japo chache.

Vipindi hivyo vya kujazia vilizaliwa na haraka. Masashi Kishimoto alichora hadithi yake wiki kwa wiki katika jarida la Weekly Shonen Jump, na studio ya Pierrot nayo ikaitengeneza kuwa katuni ya runingani ya kila wiki. Runinga hula hadithi upesi kuliko mkono unavyochora, hivyo studio ikalazimika kubuni visa vyake huku ikimsubiri mwenyewe. Naruto ya kwanza ina vipindi 220, vya mwaka 2002 hadi 2007. Zaidi ya 80 vya mwishoni, karibu vyote mfululizo, havimo kitabuni.

Katika visa hivyo steringi hana ruhusa ya kukua, wala adui mkubwa hana ruhusa ya kufa, maana Kishimoto bado hajaamua. Aliye huru ni wa pembeni.

Tazama kipindi cha 148 hadi 151. Vijana wanamsaka Bikochu, mdudu hodari wa kunusa, awasaidie kumpata Sasuke, mwenzao aliyetoroka. Hinata, binti mwenye haya ambaye kwingine hutoa maneno mawili akainamisha kichwa, anafanya mazoezi usiku penye maporomoko ya maji. Naruto anamwona na hamtambui! Baadaye nyuki wanawazingira, na mikono ya Hinata ndiyo inayowakinga wote, kwa mbinu aliyoinoa peke yake. Kinyago cha ujamaa cha Wamakonde kimejengwa hivyo hivyo: watu wamebebana, na wa chini kabisa naye kachongwa uso kamili.

Vingi vya kujazia ni vibovu, tena vibovu haswa. Na hadithi kuu ikirudi, hakuna anayewakumbuka wale nyuki.

Ila katika kipindi cha 166 cha Shippuden, mwendelezo wa Naruto, steringi amegongomelewa chini na adui yake Pain, na anayejitosa mbele peke yake ni Hinata. Niliwasikia vijana wakibisha kwamba ujasiri ule umetoka hewani. Wote walikuwa wameruka 148 hadi 151: saa moja na nusu tu.