Tusiuachie Mji Mteja Mmoja

Mlango wa duka ukifungwa mchana wa siku ya kazi, wapita njia hawashtuki. Hudhani mwenyewe amekwenda kusali au amepata msiba, na kwamba kesho atafungua. Siku zikipita na kufuli likianza kushika kutu, ndipo watu wa baraza ya jirani wanapoulizana habari zake. Ukifungwa mlango wa pili na wa tatu, mtaa wote hubadilika. Njia huwa kiza usiku, mwenye mkahawa hupunguza maandazi, na mtoto aliyekuwa akitumwa chumvi nyumba ya pili hana budi kuivuka njia kuu ya magari. Jambo hili si dogo, nasi tunaona ni wajibu kulisema kabla halijawa mazoea.

Tunazungumzia maduka ya katikati ya mji, yaani Mji Mkongwe wa Unguja pamoja na mitaa ya Darajani, Mchangani na Mlandege iliyo mlangoni mwake. Kila uchumi unapodorora, maduka haya huwa miongoni mwa wa mwanzo kuumia. Wapo wasemao kwamba hayo ni mambo ya dunia, hupanda na kushuka, na mwanadamu hana la kufanya ila kusubiri. Sisi hatukubaliani nao. Tukiitazama historia ya karibuni ya visiwa vyetu, tunaona biashara ya mji ikidhoofika mara tatu, na katika kila mara hiyo chanzo kimoja kinajitokeza: mji ulikuwa umemtegemea mteja mmoja, na alipoondoka, haukuwa na mwengine.

Mteja wa kwanza alikuwa mnunuzi wa karafuu. Kwa miongo mingi fedha za mji zilitoka shambani, Pemba na Unguja. Msimu ukiwa mzuri, mwenye mikarafuu na mchumaji walinunua kanga, bati, cherehani na baiskeli, na mwenye duka akalipa deni lake. Lakini mnunuzi mkubwa wa karafuu hizo alikuwa Indonesia, aliyezitumia katika sigara zake. Nchi hiyo ilipopanda mikarafuu yake na kujitosheleza, bei katika soko la dunia ilianguka vibaya katika miaka ya 1980. Ni kweli kwamba maduka yalikuwa yamekwisha kuumia kabla ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uagizaji wa bidhaa ulikuwa mikononi mwa Serikali, na chakula kilipatikana kwa mgawo na foleni. Lakini anguko la karafuu ndilo lililoonesha wazi kwamba mkoba wa mji ulikuwa umefungwa kwa uzi mmoja tu.

Mteja wa pili alikuwa ndugu yetu kutoka Bara. Mwaka 1984 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, chini ya uongozi wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, ililegeza masharti ya biashara, na wafanyabiashara wakaruhusiwa kuleta bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Rafu zilizokuwa tupu zikajaa. Wenzetu wa Bara wakawa wanavuka bahari kuja kununua kanga, redio na televisheni, kwa kuwa ushuru wa hapa ulikuwa nafuu kuliko wa kwao. Mitaa ya Darajani na Mchangani ilipata uhai mpya. Hata hivyo, neema hiyo ilisimama juu ya tofauti ya ushuru, si juu ya jambo jengine. Tofauti hiyo ilipopungua, na Kariakoo ilipoanza kupata bidhaa zake moja kwa moja kutoka Dubai na China, msafiri hakuona tena faida ya kulipa nauli ya boti kwa ajili ya televisheni.

Mteja wa tatu ni mtalii. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa miaka mingi methali hii imetimia. Tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, wageni wameongezeka sana. Maduka mengi ya Gizenga, Hurumzi na Kiponda yaliyokuwa yakiuza sufuria, vitambaa na madaftari ya skuli yakageuka kuuza vinyago, picha za kuchora na viungo vilivyopangwa katika vikapu vidogo. Hatumlaumu mtu kwa kufuata riziki. Lakini mwaka 2020 maradhi ya Korona yaliposimamisha safari duniani, tuliona gharama yake. Wageni walioingia Zanzibar, ambao mwaka 2019 walipita 538,000, walishuka hadi wapatao 260,000. Ukuaji wa pato la Zanzibar, uliokuwa asilimia 7 mwaka 2019, ukawa asilimia 1.3 tu. Mwenye duka la vinyago hakuwa na wa kumuuzia, kwani mkaazi wa Kikwajuni hanunui kinyago.

Tulinganishe hali hiyo na kumi la mwisho la Ramadhani. Katika siku hizo, wageni wawe wengi au wachache, Darajani na Mlandege hapapitiki. Baba anatafuta viatu vya mtoto, mama anachagua kitambaa, na fundi cherehani hapati usingizi. Mteja huyu hana fedha nyingi, na hali ikiwa ngumu hununua nguo moja badala ya mbili. Lakini anakuja kila mwaka, kwa kuwa watoto wake wanakua na sikukuu haimsubiri mtu. Huyu ndiye mteja asiyepanda ndege akaondoka, na ndiye ambaye mji wetu umekuwa ukimsahau kila alipotokea mteja mwenye mkoba mnene zaidi.

Wasomaji wasidhani kwamba maduka kufa katikati ya mji ni maradhi ya nchi changa peke yake. Uingereza ilikuwa na maduka ya Woolworths, yaliyoanza huko Liverpool mwaka 1909 na kuenea katika miji mikubwa na midogo. Mtikisiko wa fedha wa mwaka 2008 uliyakuta tayari yakielemewa na madeni na ushindani. Kufikia tarehe 6 Januari 2009 yote, zaidi ya 800, yalikuwa yamefungwa, na wafanyakazi wapatao 27,000 wakapoteza kazi. Katika miji mingi jengo kubwa la katikati likabaki tupu, na majirani zake wakakosa wapita njia. Mdororo wa mwaka 2020 ulipokuja, Serikali ya nchi hiyo iliwasamehe wenye maduka wa England kodi ya majengo ya biashara kwa mwaka mzima wa fedha. Haikufanya hivyo kwa huruma tupu. Ilikwisha kuona kwamba duka lililofungwa halilipi kodi, na kulifungua upya ni kazi ngumu kuliko kulisaidia lisifungwe.

Hapa kwetu tunayo nafasi ambayo miji mingi ya dunia haina. Katika Mji Mkongwe, sehemu kubwa ya majengo si mali ya watu binafsi. Mengi ni ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na mengi mengine ni ya wakfu, yakisimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Maana yake ni kwamba, kwa milango mingi ya maduka, anayepanga kodi ya pango ni taasisi ya umma. Inayo sauti juu ya nani aingie, afanye biashara gani na alipe kiasi gani. Mwenye nyumba wa aina hii hawezi kusema kwamba soko ndilo lililoamua.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa wahusika. Kwanza, mikataba ya pango ya maduka ya umma iandikwe ikiwa na kanuni ya nyakati ngumu, iliyokubaliwa mapema na kujulikana na wote, ili mdororo ukija mpangaji asilazimike kupiga hodi ofisi hata ofisi akiomba hisani. Tunajua kwamba mapato ya wakfu yana wenyewe, na sharti la aliyeweka wakfu ni lazima liheshimiwe. Lakini mlango uliofungwa haumpatii yatima hata senti moja.

Pili, iwepo sehemu ya milango hiyo itakayohifadhiwa kwa ajili ya biashara zinazomhudumia mkaazi: duka la chakula, la dawa, la vitambaa, fundi viatu, fundi cherehani, muuza vitabu. Kodi yake ipimwe kwa mfuko wa mkaazi, si kwa mfuko wa mtalii. Kama kila mlango utatolewa kwa mwenye kilemba kikubwa zaidi, basi mji mzima utauza vinyago, na mgeni mwenyewe atachoka, kwani anakuja kuuona mji wenye watu, si ghala la zawadi.

Tatu, mkaazi arahisishiwe kufika na kubaki. Kituo cha daladala kikisogezwa mbali na soko, mteja naye husogea. Njia isiyo na taa humrejesha mama nyumbani kabla ya magharibi. Na nyumba za juu zikigeuzwa zote kuwa za kulaza wageni, duka la chini halitakuwa na jirani wa kulinunulia sukari. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, imefanya kazi ya kuyatunza mawe na milango yetu. Tunaomba na wanunuzi wahesabiwe kuwa sehemu ya urithi huo.

Tutaambiwa kwamba Serikali inahitaji mapato, na kwamba barabara, hospitali na skuli hazijengwi kwa misamaha. Ni kweli. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Mfanyabiashara anayedaiwa leseni, pango na ada nyingine kwa mkupuo mmoja, katika masika ambapo mitaa imelowa na wageni wamepungua, hufunga. Akiruhusiwa kulipa kidogo kidogo, hubaki, na mwakani analipa tena.

Nao wafanyabiashara wetu wasikae wakinyoosha kidole upande mmoja tu. Wapo wamfukuzao mwenyeji kwa ulimi wao: mtu aulizapo bei ya kikoi hutajiwa bei ya mgeni, tena kwa dola, akaondoka asirudi. Biashara haigombi. Aidha, anayeomba kupunguziwa kodi kwa sababu mauzo yameshuka ni lazima aweze kuonesha mauzo yenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na afisa hawezi kumsaidia mtu kwa kusikiliza kilio bila ya hesabu.

Leo wageni wamerudi kwa wingi. Mwaka 2024 walipita 700,000. Baadhi ya watu wanaona kwamba hatari imekwisha. Sisi tunaona kwamba huu ndio wakati wenyewe wa kutenda, kwa sababu mtu huziba paa lake wakati wa kiangazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mji wetu wa mawe na chokaa methali hii haihitaji maelezo. Anguko jengine litakuja. Hatujui mwaka wala sababu. Tunachoweza kuamua sasa ni kama siku hiyo mitaa yetu itakuwa na maduka ambayo mkaazi wa Unguja ana haja ya kuyaingia.