Duka la mtandaoni: Nani ameshika funguo?

MWENYE duka Picha ya Ndege, Kibaha, hampi kila mfanyakazi ufunguo wa stoo na wa droo ya fedha. Lakini akifungua duka kwenye intaneti, ni rahisi kutoa jina moja la kuingilia na neno moja la siri, watumie wote: karani, fundi wa tovuti na kijana wa oda.

Hapo ndipo mtaji unapovuja. Tuchukue mfano wa muuza saruji. Bei ya mfuko ni sh. 16,000, mtu akaandika sh. 10,600. Oda ya mifuko 100 inamla mwenye duka sh. 540,000. Kwa kuwa wote wameingia kwa jina moja, hakuna wa kuulizwa. Mbaya zaidi ni namba ya malipo kubadilishwa: mteja analipa, fedha inakwenda kwingine.

Dawa si ghali. WordPress, programu ya kuendesha tovuti iliyotolewa mwaka 2003 na inayopatikana bure, ina vyeo vya watumiaji tangu mwaka 2005. Mchangiaji huandika lakini hawezi kuchapisha. Mwandishi huchapisha kazi zake tu. Mhariri hugusa kazi za wote. Msimamizi hufanya kila kitu, pamoja na kuongeza na kufuta watumiaji.

Wanaouza kwa programu ya nyongeza ya WooCommerce hupata pia cheo cha meneja wa duka. Kuweni macho: cheo hicho hakiishii kwenye bidhaa na oda, kinafika hadi kwenye mipangilio ya malipo. Apewe yule tu ambaye ungemwachia droo. Karani wa matangazo anatosha kuwa mwandishi.

Mfanyakazi akiondoka, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo. WordPress ikifuta mtumiaji mwenye kazi zake kwenye tovuti, huuliza kama kazi hizo zifutwe au apewe mtu mwingine. Chagua la pili, usije ukapoteza kurasa zako.

Jambo linalosahaulika ni barua pepe. Neno la siri likipotea, njia ya kuweka jipya hutumwa kwenye barua pepe ya akaunti. Kama ya msimamizi ni ya fundi, basi mwenye duka ni mpangaji tu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliweka adhabu kwa anayeingia kwenye mfumo bila haki: faini isiyopungua sh. milioni 3 au mara tatu ya faida aliyopata, ipi kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka mfanyabiashara alinde majina na namba za simu za wateja wake. Lakini kesi huja baada ya hasara.

Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kuweka fedha katika biashara ya namna hii, hesabu za mauzo hazitoshi. Aombe orodha ya watumiaji, aone wasimamizi ni wangapi na barua pepe ni za nani. Wakiwa watano katika duka la watu watatu, asubiri kwanza.