Mpira na Gurudumu Lake

Wasikilizaji wetu, wengi hudhani ya kuwa mpira mpana ndio ulio bora kwa motakaa. Sivyo. Mpira na gurudumu ni kama kiatu na mguu: sharti vilingane. Tukisoma ubavuni mwa mpira 185/65 R15, maana yake upana ni milimita 185. Kimo cha ubavu ni 65 kwa 100 ya upana huo. R ni mpango wa nyuzi zake. Na kipenyo cha chuma ni inchi 15. Mpira huo hufaa chuma chenye upana wa inchi 5 hata 6 na nusu. Chuma kikiwa chembamba mno, mbavu za mpira hufura, na gari huyumba penye kona. Kikiwa kipana mno, mbavu huvutwa, na ukingo wa mpira waweza kuchomoka njiani. Basi, tusinunue kabla ya kupima, maana roho za abiria wote zategemea mipira minne.