RAM ya DDR

RAM ya DDR ni aina ya kumbukumbu ya muda inayotumika katika kompyuta nyingi za mezani na za mpakato. Hushika data na programu zinapotumika. Kompyuta ikizimwa, yaliyomo hupotea. Hivyo ni tofauti na diski, ambayo hutunza mafaili hata bila umeme.

Vizazi

Viwango vya DDR hutolewa na JEDEC, shirika la viwango vya elektroniki. Kwa kompyuta za mezani vizazi vyake ni hivi:

- DDR (2000): pini 184, volti 2.5
- DDR2 (2003): pini 240, volti 1.8
- DDR3 (2007): pini 240, volti 1.5
- DDR4 (2012): pini 288, volti 1.2
- DDR5 (2020): pini 288, volti 1.1

RAM ya kizazi kimoja haifanyi kazi mahali pa kizazi kingine, hata kama idadi ya pini ni sawa. Ukingo wenye pini una pengo dogo, na mahali pake hutofautiana kwa kila kizazi ili kuzuia makosa. Kipande kisichoingia kisilazimishwe, maana kinaweza kuharibu ubao mama. Vipande vya kompyuta za mpakato ni vifupi zaidi na haviingii katika kompyuta za mezani.

Kusoma lebo

Njia rahisi ya kujua RAM inayofaa ni kusoma lebo ya kipande kilichomo tayari. Kwa mfano, "4GB PC3L-12800S" maana yake ni hii: ujazo ni gigabaiti 4, PC3 ni DDR3, L ni ile ya volti 1.35, 12800 ni megabaiti kwa sekunde, yaani kasi iitwayo pia DDR3-1600, S ni ya kompyuta ya mpakato. Herufi U huonyesha RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Herufi R ni ya seva: hata ikiuzwa kwa bei nafuu, haifanyi kazi katika kompyuta za kawaida. Baadhi ya kompyuta za mpakato hukubali DDR3 ya volti 1.35 tu.

Kabla ya kununua

Kwanza ihakikishwe kwamba kinachopungua ni RAM kweli. Katika Windows, vibonye Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha matumizi yake. Ikiwa RAM haijai wakati wa kazi za kawaida, kuiongeza hakutaleta kasi. Huenda tatizo ni diski.

Pia kuna mipaka. Kila ubao mama una kiwango cha juu cha RAM unachokubali. Windows ya kawaida ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4. Vipande vya kasi tofauti vikichanganywa, vyote hufuata kasi ya kilicho cha polepole. Katika baadhi ya kompyuta za mpakato RAM imelehemiwa kwenye ubao mama, na haiwezi kubadilishwa.

Kabla ya kuchomeka kipande kipya, kompyuta huzimwa, waya wa umeme huchomolewa na betri hutolewa. Kisha fundi hugusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, ambao unaweza kuunguza RAM bila yeye kuuhisi.