Foreksi: Wingi wa biashara na nguvu ya sarafu, je, vinaweza kweli kuonyesha pale bei inapogeuka?

Kila asubuhi, kwenye barabara za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, wakambisti hupanga vibunda vya noti juu ya meza ndogo na kuulizana swali moja: dola leo ni ngapi? Hatua chache kutoka hapo, kijana mwenye simu na mega za siku moja anachora mistari kwenye chati na kujiuliza karibu swali lile lile. Tofauti ni kwamba kambisti anajilipa kwa ile tofauti ndogo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza, jua lipande jua lishuke. Kijana wa foreksi analipwa tu kama ameona kweli bei inaelekea wapi.

Na kinachowavuta wengi zaidi ni kukamata mgeuko: dola imepanda kwa wiki nyingi, sasa imechoka, unauza juu kabisa na kungoja ishuke. Kwa miaka michache hii, njia moja inafundishwa sana kwa ajili ya kazi hiyo. Inaunganisha vipimo viwili: voliumu, yaani wingi wa biashara, na nguvu ya kila sarafu peke yake. Haina uchawi, na haina upumbavu pia. Lakini ina mashimo ambayo wauza masomo hawayaonyeshi, na kwa mtu aliyeweka humo feza ya masomo ya watoto, mashimo hayo ndiyo habari yenyewe.

Tuanze na nguvu ya sarafu, maana hiyo wakaaji wa mashariki wanaielewa haraka. Bei ya foreksi daima ni ya sarafu mbili. Dola ikipanda mbele ya yeni ya Japani, chati haisemi kama dola ndiyo imepata nguvu au yeni ndiyo imelegea. Ili kujua, wafanyabiashara huchukua sarafu nane kubwa: dola ya Marekani, euro, yeni, pauni, franka ya Uswisi, na dola za Kanada, Australia na New Zealand. Sarafu hizo zinatengeneza jozi 28. Kila sarafu inapimwa mbele ya zile saba nyingine kwa muda ule ule. Kama yeni imepanda mbele ya zote saba, basi habari iko kwa yeni. Kama imepanda mbele ya dola tu, habari iko kwa dola.

Sarafu yenye nguvu si lazima iwe na uchumi wenye nguvu nyuma yake. Benki zilipofunga milango Goma mwezi wa kwanza 2025, noti za franka zilikuwa adimu, nyingine zilichakaa mpaka zikakataliwa sokoni, na dola moja ikawa inapata franka chache kuliko Kinshasa. Kwenye kipimo, franka ilionekana ina nguvu. Kumbe ni makaratasi ndiyo yalikosekana. Biashara ilikuwa ndogo, na bei inayotoka katika biashara ndogo haitoi ushahidi mkubwa. Hapo ndipo kipimo cha pili kinapoingia.

Voliumu kwenye soko la hisa ni rahisi: soko linahesabu hisa zilizouzwa. Foreksi haina soko moja. Ni mabenki na makampuni duniani kote yanayouziana moja kwa moja, na kulingana na Benki ya Makazi ya Kimataifa, BIS, mwezi wa nne 2025 walikuwa wanabadilishana karibu dola trilioni 9.6 kwa siku. Hakuna mtu anayeona yote. Zile nguzo ndogo zinazoonekana chini ya chati ya simu hazihesabu feza hata kidogo. Zinahesabu mara ngapi bei ilibadilika kwa broka huyo mmoja. Bei ikicheza mara 900 kwa saa moja, nguzo inakuwa ndefu, hata kama nyuma yake hakuna feza nyingi. Kwa kawaida wakati bei inapochezacheza sana ndipo na feza nyingi zinapita, kwa hiyo kipimo kina faida. Lakini ni kama kuhesabu watu wanaoingia sokoni Virunga bila kujua nani amenunua. Anayetaka hesabu halisi anaweza kutazama mikataba ya sarafu kwenye soko la CME la Chicago, ambako kila mkataba unaandikwa, ingawa hiyo nayo ni sehemu ndogo tu ya biashara nzima.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kulinganisha voliumu ya saa mbalimbali. Kwa saa za Goma, London inafungua saa tatu asubuhi wakati wa majira ya joto ya Ulaya, na saa nne wakati wa baridi. New York inaingia karibu saa nane mchana, na kwa masaa machache miji hiyo miwili inafanya kazi pamoja. Nguzo lazima zirefuke wakati huo, kila siku. Anayeona nguzo ndefu saa tisa mchana na kusema wakubwa wameingia, ameona tu kwamba Wamarekani wameamka. Saa tisa ya leo ilinganishwe na saa tisa za siku kumi zilizopita.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuligundua. Mwalimu mmoja atakwambia bei ikipanda huku voliumu inapungua, mgeuko uko karibu kwa sababu wanunuzi wamechoka. Mwingine atasema bei ikipanda na voliumu kubwa kupita zote, mgeuko uko karibu kwa sababu wanunuzi wa mwisho wameingia. Kama dalili ni kupungua na pia kuongezeka, basi kila chati itakuwa na dalili. Mmarekani Richard Wyckoff, aliyeandika juu ya soko la hisa mwanzoni mwa karne ya 20, alitoa swali bora: je, juhudi na matokeo vinalingana? Voliumu kubwa sana na bei haikusonga, au ilisonga juu kisha ikafunga chini, maana yake kuna mtu anauza kila kinachonunuliwa. Hiyo inastahili kuangaliwa. Voliumu ndogo peke yake yaweza kuwa sikukuu tu.

Tuweke njia hii kwenye mfano wa kweli, yeni ya mwaka 2024.

Tarehe 29 mwezi wa nne 2024, dola ilipita yeni 160 kwa mara ya kwanza tangu 1990. Ilikuwa sikukuu Japani na biashara ilikuwa nyepesi. Ghafla bei ikaporomoka, na siku hiyo hiyo dola ilifika karibu na yeni 154. Baadaye Wizara ya Fedha ya Japani ilithibitisha kwamba katika mwezi mmoja ilitumia karibu yeni trilioni 9.8 kununua sarafu yake. Kwa mtu wa chati, kila kitu kilikuwepo: nguzo ndefu kuliko zote, kandeli iliyogeuka kichwa chini, yeni ikipanda mbele ya sarafu zote saba. Mgeuko wa kwenye kitabu.

Lakini mwisho wa mwezi wa sita, dola ilikuwa imerudi juu ya 160. Tarehe 3 mwezi wa saba ilifika karibu 162, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1986. Aliyeuza baada ya ule mporomoko na kungoja, alikula hasara miezi miwili. Dalili hazikudanganya juu ya siku ile. Mnunuzi mkubwa alikuwepo kweli. Ila sababu iliyokuwa inasukuma dola haikuwa imeguswa: Marekani ilikuwa inalipa riba kati ya asilimia 5.25 na 5.50, Japani karibu sifuri. Kila aliyekopa yeni na kuweka dola alikuwa analipwa kila siku kwa kulala tu.

Tarehe 11 mwezi wa saba, saa nane na nusu mchana kwa saa za Goma, Marekani ilitangaza kwamba bei za vitu mwezi wa sita zilishuka kwa asilimia 0.1. Dola ilitoka juu ya yeni 161 ikaanguka karibu na 157, Japani ikisukuma kwa karibu yeni trilioni 5.5 nyingine katika kipindi hicho. Kwenye chati ilifanana na ya mwezi wa nne. Lakini safari hii sababu ilikuwa inageuka: Marekani ilielekea kupunguza riba, na tarehe 31 mwezi wa saba Benki ya Japani ikapandisha yake hadi asilimia 0.25. Tarehe 5 mwezi wa nane dola ilikuwa karibu yeni 142, na siku hiyo soko la hisa la Tokyo lilianguka asilimia 12.4.

Hapa kipimo cha nguvu ya sarafu kilifanya kazi nzuri. Katika wiki hizo dola ilipoteza karibu asilimia 12 mbele ya yeni, lakini mbele ya euro ilishuka kidogo tu. Dola ya Australia ilitoka karibu yeni 109 hadi karibu 90, anguko kubwa kuliko la dola ya Marekani. Aliyetazama jozi moja tu alisema dola imekufa. Aliyetazama zote aliona kwamba ni yeni iliyokuwa inarudi nyumbani, kwa sababu waliokopa yeni walikuwa wanakimbilia kulipa madeni yao.

Kwa hiyo, vipimo viwili vinaweza kukuambia nani anasonga na kwa juhudi gani. Kwa nini anasonga, na kama ataendelea, utalipata kwenye kalenda ya benki kuu. Sisi wenyewe tuliliona mwezi wa tisa na wa kumi 2025, franka ya Kongo ilipoinuka ghafla kutoka zaidi ya 2,800 hadi chini ya 2,500 kwa dola. Wengi wanaopokea mshahara kwa dola waliumia, na bei sokoni hazikushuka kwa mwendo ule ule. Nguzo ya voliumu isingekuambia lolote juu ya maamuzi ya Benki Kuu huko Kinshasa.

Tuje sasa kwenye feza yenyewe, ambapo masomo mengi ya foreksi hupita haraka haraka.

Tuseme mtu ana dola 100 kwa broka anayempa levereji ya 500, yaani mkopo wa biashara wa mara 500. Akiitumia yote, anashika dola 50,000. Bei ikienda kinyume kwa asilimia 0.2, dola 100 zimekwisha. Tarehe 29 ile ya mwezi wa nne, bei ilisogea zaidi ya asilimia 3 kwa siku moja.

Tuseme basi ni mtu mwangalifu, anachukua kiasi kidogo kabisa ambacho mabroka wengi wanaruhusu, dola 1,000. Anauza kwenye yeni 160 na anakubali kutoka bei ikipanda yeni moja, nafasi ambayo kwa biashara ya mgeuko ni finyu. Akikosea anapoteza karibu dola 6.2, zaidi ya asilimia 6 ya akiba yake kwa dau moja. Akikosea mara tano mfululizo, jambo la kawaida kabisa kwa anayetafuta kilele, karibu theluthi imeondoka. Na kwa kuwa ameuza sarafu yenye riba kubwa, analipa karibu senti 15 kila usiku. Aliyeshikilia tangu mwisho wa mwezi wa nne hadi mwisho wa mwezi wa saba alilipa karibu dola 14 kwa kungoja tu. Hesabu hii haitegemei akili ya mtu. Akiba ya dola 100 ni ndogo mno kwa njia hii, hata ikiwa njia yenyewe ni sahihi.

Tena, ile amri ya kukutoa sokoni bei ikifika mahali fulani si ukuta. Tarehe 15 mwezi wa kwanza 2015, Benki ya Taifa ya Uswisi iliacha bila onyo kulinda kiwango cha franka 1.20 kwa euro. Kwa dakika chache euro ilikuwa chini ya franka moja, na amri nyingi zilitekelezwa mbali sana na mahali zilipowekwa. Kesho yake broka Alpari UK wa London alitangaza kufilisika.

Ulaya, mamlaka ya masoko ESMA ilitangaza mwaka 2018 kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida zinapoteza feza. Tangu hapo mabroka wa huko wanalazimika kuandika asilimia yao kwenye ukurasa wa kwanza, na levereji imewekewa kikomo cha 30. Broka anayekupa 500 huku Goma mara nyingi anakupa kupitia kampuni ya kisiwani, nje ya sheria hiyo. Na yule wa kundi la WhatsApp anayeomba umtumie feza ili akufanyie biashara na kukurudishia mara mbili kwa mwezi, wazee wa nchi hii wanamjua kwa jina lingine: Bindo, iliyoanguka Kinshasa mwaka 1991 na akiba za watu.

Anayetaka kujaribu bado anaweza kuanza bila dola hata moja, kwenye akaunti ya mazoezi na daftari. Kwa kila mgeuko aandike vitu vinne kabla ya kubonyeza: sarafu ipi inasonga mbele ya zote saba, voliumu ya saa hiyo ikilinganishwa na saa ile ile ya siku kumi, tarehe ya kikao kijacho cha benki kuu husika, na bei ambayo ikifikiwa atakubali amekosea. Baada ya madau 50 ahesabu, akitoa gharama za broka na za usiku.