Mashua ya faiba nayo huoza

Wapo wanaoamini kwamba mashua ya faiba haiozi, na kwamba kwa hiyo msamiati wa waunda majahazi wetu umekwisha kazi. Imani zote mbili ni potofu, na ya kwanza ndiyo iliyoizaa ya pili.

Sitaha ya mashua nyingi za faiba si faiba tupu. Baina ya matabaka mawili ya faiba hutiwa kiini cha mbao, aghalabu balsa au plaiwudi, ili sitaha iwe imara bila ya kuwa nzito. Kisha hutobolewa matundu ya bolti za kushikia nguzo za ukingoni na vifungio vya kamba. Hapo ndipo maradhi yaanziapo. Kila kamba ivutwapo kifungio hutikisika. Gundi iliyoziba tundu huachana na chuma. Maji hupenya na kutambaa ndani ya mbao miaka na miaka, ilhali juu rangi ingali inang'aa. Mwenye bahati hutanabahi sitaha inapobonyea chini ya wayo wake. Asiye na bahati hung'oka pamoja na nguzo aliyoishikilia, akiwa baharini.

Fundi huigonga sitaha kwa mpini wa nyundo: palipo pazima hulia kwa ukali, palipooza hutoa sauti butu. Hukata tabaka la juu, akaondoa mbao mbovu na kupakausha (wenye pupa huiharibu kazi hapa, kwani epoksi haishiki vyema penye unyevu), akalaza kiini kipya katika epoksi na kulirudisha tabaka. Siri, hata hivyo, imo katika matundu. Hatoboi kwa kipimo cha bolti, bali hutoboa tundu pana zaidi, akalijaza epoksi, na ikishakauka hupitisha keekee katikati yake. Bolti sasa huzungukwa na epoksi, isiguse mbao kamwe.

Je, kazi hii ya kuziba njia za maji ni ngeni kwetu? Waunda majahazi huiita kukalafati: kushindilia pamba yenye mafuta baina ya mbao. Neno lina asili ya Kiarabu, na Wareno nao wanalo lao la jamii hiyo hiyo. Sioni kwa nini lililobeba pamba lishindwe kubeba epoksi. Usukani ulitoka chomboni ukaingia katika motokaa; nahodha naye yumo katika uwanja wa kandanda, na hakuna aliyelalamika.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini vyuo vyetu vya ufundi vingali vinafundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi huhitimu akiujua ugonjwa wa sitaha kwa jina ambalo mvuvi mwenye mashua halifahamu, na mvuvi huyo ndiye atakayeishika nguzo.